Kompyuta Haina Masikio: Mafunzo Niliyopata Nikipunguza Mzigo wa Prosesa Saadani

Katika Pure Data huandiki msimbo, unachora. Unaweka kisanduku kinachozalisha sauti, kingine kinachoichuja, kingine kinachoipeleka kwenye spika, kisha unaviunganisha kwa waya. Mchoro mzima huitwa pachi. Miller Puckette, aliyeanza kazi hii kwa kuunda programu ya Max katika taasisi ya muziki ya IRCAM, Paris, katika miaka ya 1980, alianza kuiandika Pure Data mwaka 1996 na akaitoa bure. Kwa kuwa ni ya bure, na kwa kuwa inakubali kukaa kwenye kompyuta ndogo ya bei nafuu, imewafikia vijana wa huku kwetu Bagamoyo ambao wasingeweza kununua programu za studio kubwa.

Kwa hao ndio naandika. Najua mnataka kutengeneza ala ambazo hazijawahi kusikika, na kuzisimamisha jukwaani bila sauti kukatika. Kinachowakwamisha wengi ni prosesa, wakati mawazo wanayo tele. Kadi ya sauti hudai sampuli 44,100 kila sekunde. Pure Data huzikokotoa kwa mafungu ya sampuli 64, kwa hiyo kila fungu lina milisekunde 1.45 tu, na ndani ya muda huo kila kisanduku cha sauti kwenye pachi lazima kiwe kimemaliza kazi yake. Kazi ikizidi muda, akiba ndogo iliyopo huisha na spika hutoa ule mkwaruzo ambao kila mmoja wenu anaufahamu.

Mengi ya haya niliyajifunza Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, ambako Mto Wami unaingia baharini na ambako tangu 2005 pamekuwa Hifadhi ya Taifa. Kazi yenyewe ilikuwa ya sauti chini ya banda la makuti karibu na ufuko: kompyuta ndogo moja ya Raspberry Pi, betri, paneli ya jua na spika mbili. Zilitakiwa kusikika sauti za mto, za mawimbi, za zeze na ilimba, ala za Wagogo, zikibadilika kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Hapakuwa na umeme wa gridi wala kiyoyozi, na fundi asingekuwepo wa kuizima na kuiwasha mambo yakiharibika. Mahali pa namna hiyo, kila hesabu isiyo ya lazima unailipia kwa betri na kwa joto.

1. Maji hayajai mara 44,100 kwa sekunde

Kisanduku chenye alama ya ~ mwishoni mwa jina lake hufanya kazi kwa kasi ya sauti. Kinakokotoa kila sampuli bila kukoma, isikike isisikike. Kisicho na alama hiyo hukaa kimya mpaka kipokee ujumbe. Ni jambo la ukurasa wa kwanza wa somo, na nilikwisha kulifundisha kwa miaka. Hata hivyo toleo la kwanza la pachi ya Saadani lilikuwa na osc~ iliyochora mwendo wa maji.

Pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25, yaani sekunde 44,700. Ukizidisha kwa 44,100 utaona kwamba osc~ ile ilikuwa ikikokotoa karibu thamani bilioni mbili ili kuchora mzunguko mmoja wa bahari. Niliiondoa, nikaweka metro inayopiga mara moja kwa dakika ikifuatiwa na cos isiyo na ~. Hesabu zikawa 745 kwa mzunguko mzima. Bamvua na maji mafu, ambavyo hupokezana ndani ya wiki mbili hivi, nikavihesabu mara moja kwa siku.

Kilichonishangaza ni kwamba osc~ moja si kitu. Hata kompyuta dhaifu hubeba mamia ya namna hiyo. Mzigo ulikuwa kwenye msururu uliofuata. Kwa kuwa chanzo kilikuwa cha kasi ya sauti, vizidishi vyote vya mbele yake navyo vilikuwa vya kasi ya sauti, vilevile vijumlishi, vikomo na vigawanyi, na waya zake zilienea kila kona ya pachi. Nilipobadilisha chanzo kimoja, visanduku chungu nzima vilipoteza ~ zao bila mtu yeyote kusikia tofauti.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kuweka ~ popote, najiuliza kitu hiki hubadilika kwa kasi gani kwa msikilizaji. Mkono unaosogeza kitelezi hautoi habari mpya mara elfu kwa sekunde. Ujumbe 50 kwa sekunde unatosha, na line~ italainisha nafasi zilizo katikati. Ila usiipandishe nguvu ya sauti kwa ujumbe mtupu, bila line~, ukidhani umeokoa zaidi. Utasikia ngazi, sauti ikipanda kwa vidato vidogo vyenye mkwaruzo, na sikio la mwanamuziki halisamehe hilo.

2. Ukimya nao hukokotolewa

Pachi ilikuwa na sehemu ya mchana na sehemu ya usiku. Mchana kulikuwa na ndege, upepo na mawimbi. Usiku nyenje, vyura na viboko wa Wami. Mchana ulipofika, sehemu ya usiku ilizidishwa kwa sifuri, na kweli haikusikika kabisa.

Siku moja kijana niliyekuwa nikifanya naye kazi aliuliza, "Mwalimu, mbona mzigo haushuki wakati nusu ya pachi iko kimya?" Nikamwambia aifute sehemu ya usiku yote, tuone. Kipimo cha mzigo kikashuka karibu nusu, na kwenye spika hapakubadilika chochote. Tulitazamana. Kuzidisha kwa sifuri ni kuzidisha kama kuzidisha kwingine: filta zilikuwa zikichuja, mwangwi ukihesabiwa, vyura wakikoroma ndani ya namba, halafu kwenye waya wa mwisho kabisa kila kitu kinatupwa.

Hapo ndipo wazo lililonitawala tangu siku ile liliponikaa. Kompyuta haina masikio. Haijui kinachosikika na kisichosikika, na haitakuja kukuuliza. Anayejua ni wewe, kwa hiyo ni juu yako kuiambia ni wakati gani ipumzike.

Kisanduku cha kuiambia ni switch~. Kiweke ndani ya pachi ndogo, kitumie 0, na hesabu zote za sauti ndani yake zinasimama kweli. Lakini kina tabia yake. Ukikizima ghafla sauti ikiwa juu, utasikia mkatiko. Na kuna jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo: jioni tulipowasha sehemu ya usiku, kabla ya nyenje wa kwanza, likatoka pigo la ilimba. Lilikuwa pigo la jana yake. Mwangwi ulisimamishwa katikati, namba zikabaki ndani ya kumbukumbu, na ulipoamka ukaendelea pale ulipoachia. Tangu hapo nafuata utaratibu: shusha sauti kwa line~, usubiri mkia wa mwangwi uishe, ndipo utume 0. Na kabla ya kuwasha tena, matoleo ya karibuni ya Pure Data yanakuruhusu kuitumia delwrite~, kisanduku kinachohifadhi sauti ya mwangwi, ujumbe wa clear ili isafishe yaliyomo.

Kuna ukimya mwingine unaochosha prosesa, na huu niliukuta kwenye laptopu ya zamani kabla ya Saadani. Mzigo ulikuwa ukipanda kila sauti inapofifia. Wakati wa kelele mashine ilitulia. Mwangwi ukikaribia kuisha feni inaanza kuvuma. Sababu ni namna namba zinavyohifadhiwa. Namba ya desimali ya biti 32 ikishuka chini ya 10⁻³⁸ hivi, prosesa nyingi haziwezi kuishughulikia kwa njia yao ya haraka. Zinapita njia ndefu, na sauti inayofifia kwa kujirudia huzalisha namba za aina hiyo kwa wingi. Filta na vichelewesho vya Pure Data yenyewe vimewekewa kinga. Ninachowasihi mkiangalie ni viendelezi vilivyoandikwa na watu wengine. Ukikuta mzigo unapanda katika ukimya, ongeza ndani ya mzunguko namba ndogo isiyobadilika, kama 10⁻¹⁵. Hakuna sikio litakaloisikia, na prosesa inabaki kwenye njia fupi.

3. Skrini pia hula

Hili ni fupi. Vipimo vya sauti vinavyorukaruka, visanduku vya namba vinavyobadilika kila milisekunde, jedwali linalochorwa upya, na print iliyosahaulika ikimwaga mistari: vyote hivyo ni ujumbe ambao sehemu ya sauti lazima iutunge na kuutuma kwenye programu ya pili inayochora. Saadani hapakuwa na skrini hata moja, lakini pachi ilikuwa inachora. Iendeshe kwa -nogui. Wakati wa kujenga, vipimo viwe na lango la kuvifunga, na namba zionyeshwe mara kumi kwa sekunde, maana jicho halisomi zaidi ya hapo.

4. Zeze linaingia kwenye jedwali, ilimba inakataa

Bagamoyo imeishi na sauti za Wagogo kwa miongo mingi. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alitoka upande wa Dodoma, akaishi na kupiga muziki wake hapa. Mwaka 2002 ilitoka Assembly, albamu aliyoifanya na Michael Brook, ambamo sauti zake zinakutana na vyombo vya umeme. Jamaa zake wameendeleza kazi. Nisingeweza kuweka sauti pwani hii bila zeze na ilimba, na hizo mbili zilinifundisha mengi kuhusu prosesa kuliko kitabu chochote.

Zeze hupigwa kwa upinde. Uzi unaosuguliwa na upinde hutoa sauti ya msingi pamoja na sauti za juu ambazo ni mara 2, mara 3, mara 4 ya ile ya msingi, na kuendelea. Muziki wa Wagogo wenyewe umejengwa juu ya ngazi hizo za asili, ndiyo maana kuimba kwao kunakaa juu ya zeze bila kusukumana. Niliijenga sauti hiyo kwa osileta 16, kila moja na kizidishi chake na nguvu yake. Ilisikika vizuri, ila ilikuwa nzito.

Kwa kuwa sauti za juu zote ni mara kamili za ya msingi, umbo la wimbi linajirudia lile lile kila mzunguko. Umbo linalojirudia halina haja ya kukokotolewa upya kila mara. Unalichora mara moja kwenye jedwali kwa ujumbe wa sinesum, ukitaja nguvu ya kila sauti ya juu, kisha tabosc4~ moja inalisoma kwa kasi yoyote unayotaka. Ili rangi ya sauti isikae mahali pamoja niliandaa majedwali mawili, moja la upinde mwepesi na jingine la upinde uliokandamizwa, nikapita kutoka moja kwenda jingine taratibu. Osileta 16 zikawa 2. Nilikaa usiku nikizisikiliza kwa zamu, na siwezi kusema kwa uhakika kwamba ningezitofautisha bila kuangalia.

Nikadhani nimepata dawa ya kila kitu, nikaipeleka kwenye ilimba. Ilikataa. Ulimi wa chuma uliobanwa upande mmoja hautetemi kama uzi. Kwa ulimi wenye unene mmoja, mtetemo wa pili ni karibu mara 6.27 ya wa kwanza, na unaofuata ni zaidi ya mara 17. Hizo si mara kamili, na jedwali linalojirudia haliwezi kubeba kitu kisicho mara kamili. Nilipozilazimisha ziwe mara 6 na mara 17, sauti ikawa laini, tamu, na si ilimba. Ule mgongano wa chuma mwanzoni mwa pigo ulikuwa umeondoka. Na juu ya hapo ilimba ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, unaovuma kila ulimi unapopigwa. Kuuiga mvumo huo kwa hesabu kulihitaji filta juu ya filta.

Mpigaji ilimba aliyekuwa akija kutusaidia alinisikiliza nikieleza haya yote, akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "hiyo mashine unaifundisha kupiga wakati mimi nipo. Nirekodi, basi."

Nilimrekodi, ulimi mmoja baada ya mwingine, mapigo laini na mapigo makali. Kurekodi hugharimu kumbukumbu badala ya hesabu: dakika moja ya njia moja ni sampuli 2,646,000, na kumbukumbu ndiyo kitu ambacho kompyuta hizi ndogo zinacho cha kutosha. Sauti usiyoibadilisha kimo isomwe kwa tabplay~, inayochukua sampuli zilivyo. Tabread4~ hutazama nukta nne kwa kila sampuli inayotoa, na kazi hiyo ina maana pale tu unapopandisha au kushusha kimo. Majedwali yote yapakiwe kabla hujaanza, kwa sababu soundfiler ikipakia faili kubwa sauti nzima inasimama kuisubiri. Marekodi marefu, kama yale ya mawimbi, niliyasoma moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu kwa readsf~, nikiifungua faili sekunde chache kabla ya kuihitaji.

Ilimba iliyorekodiwa ilikuwa nyepesi kuliko ile ya hesabu, na ilikuwa ilimba. Mara nyingi nimeona hivyo: njia inayomheshimu mpigaji ndiyo pia inayopumzisha mashine.

5. Saa nane mchana ni kompyuta nyingine

Asubuhi pachi ilitumia theluthi hivi ya uwezo wa prosesa. Saa nane mchana pachi ile ile, bila waya mmoja kuguswa, ilikuwa imepita nusu, na alasiri sauti zikaanza kukatika. Nilitafuta kosa kwenye pachi, nikakagua kila tawi. Halikuwemo.

Kompyuta ilikuwa ndani ya sanduku la plastiki lililofungwa vizuri, kwa sababu hewa ya chumvi ya Saadani hula viunganishi. Hewa haikuingia, na joto halikutoka. Raspberry Pi ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kazi ikibaki ile ile na kasi ikipungua, sehemu ya muda inayotumika inaongezeka, na hicho ndicho kipimo cha mzigo kinachoonyesha. Pachi ilikuwa salama. Mashine chini yake ndiyo iliyogeuka.

Amri ya vcgencmd measure_temp ndiyo iliyonifumbua macho. Andika joto na mzigo kwenye faili moja, kwa siku nzima, kabla ya kuhukumu pachi yako. Sisi tulibadilisha sanduku tukaweka la chuma, kompyuta ikagusana nalo ili joto lipite ukutani, likakaa kivulini upande wa upepo.

Kisha nikafanya jambo ambalo zamani ningemkatalia mwanafunzi. Mfumo hupandisha na kushusha kasi ya prosesa kulingana na kazi, na kila ikishuka kwa wakati mbaya, fungu linachelewa. Wengi huifunga kwenye kasi ya juu kabisa. Nilijaribu, joto likarudi. Nikaifunga kwenye kasi ya chini isiyobadilika. Mzigo ulionyesha asilimia kubwa zaidi kuliko asubuhi ya kwanza, lakini ulikaa hapo hapo alfajiri hadi jioni, na sauti haikukatika. Betri nayo ikafika asubuhi ikiwa na akiba. Sauti inahitaji mashine ambayo inafanya leo saa nane kile ilichofanya saa mbili asubuhi, na kasi kubwa haikupi hilo peke yake. Ukijenga miezi ya kusi, wakati wa baridi, acha nafasi ya kutosha kwa Januari na Februari ya kaskazi.

6. Wastani hauonyeshi kinachokata sauti

Tulikuwa na maikrofoni iliyosikiliza ufuko, na upepo uliichafua. Nikaweka usafishaji kwa FFT, hesabu inayoichambua sauti katika masafa yake: dirisha la sampuli 1,024, likipishana mara nne. Kipimo kilionyesha ongezeko dogo. Sauti zikaanza kukatika hata hivyo.

Dirisha linalopishana mara nne husogea sampuli 256 kila hatua, yaani mafungu manne ya 64. Katika mafungu matatu hakuna kinachofanyika. Katika la nne kazi yote inaangukia ndani ya milisekunde 1.45. Tukiwa na pachi ndogo kadhaa za aina hiyo, zote ziliangukia fungu lile lile, kama wabeba mizigo wanaofika kwa pamoja kwenye mlango mmoja. Kipimo kinagawa kazi hiyo kwa mafungu yote na kukupa wastani wa kupendeza.

Njia za kutoka zipo. Unaweza kuongeza akiba ya sauti. Kwa kazi inayojiendesha yenyewe milisekunde 100 hazimsumbui mtu, lakini mpiga ngoma anayecheza na pachi yako atazikataa mara moja, na ana haki. Unaweza kuhamishia kazi hiyo kwenye pd~, ambayo huendesha nakala ya pili ya Pure Data kwenye kiini kingine cha prosesa, maana Pure Data moja hukokotoa sauti zake kwenye kiini kimoja hata kama kompyuta ina vinne. Unaweza kujaribu kupishana mara mbili badala ya nne.

Mimi niliishia kuiondoa FFT yote. Mtikisiko wa upepo kwenye maikrofoni uko zaidi kwenye sauti za chini, na hip~ mbili zilizofuatana, filta zinazokata sauti za chini, pamoja na kitambaa cha manyoya juu ya maikrofoni, zilitosha.

7. Mkia ambao singeli haiachi usikike

Kijana yule aliyeniuliza kuhusu ukimya alitaka kuitumia ilimba ile kwenye singeli. Mnaijua: muziki wa Mbagala na Manzese, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, uliovuka mipaka hasa baada ya mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa 2017. Katika mapigo 240 kwa dakika, ukigawa kila pigo mara nne, noti mpya inaingia kila milisekunde 62.5. Kila ulimi wa ilimba aliuacha ulie sekunde mbili. Ukigawa, unapata sauti 32 zinazolia kwa wakati mmoja, kila moja na filta yake na mwangwi wake. Kompyuta ilishindwa, naye alikuwa karibu kununua nyingine.

Tulisikiliza pamoja. Katika kasi ile mkia wa noti unafunikwa na noti zinazofuata kabla haujafika popote. Tulikata kila noti kwenye nusu sekunde: sauti 8 zikatosha, na mdundo ukawa mkali zaidi, kwa hiyo upunguzaji ukageuka kuwa uamuzi wa kimuziki. Miangwi minane tukaiondoa, tukaweka mmoja kwa zote, sauti zikitumwa kwa throw~ na kupokelewa kwa catch~.

Alikuwa pia akiunda sauti mpya wakati muziki unacheza, na kila mara kulisikika mkatiko. Kuongeza au kufuta kisanduku cha sauti hulazimisha Pure Data kupanga upya mlolongo wote wa hesabu. Tengeneza sauti zote mapema kwa clone, kila moja na switch~ ndani yake, uziamshe na kuzilaza.

8. Mahali pa kutumia ulichookoa

Nilipozoea kupunguza, nilianza kupunguza kila kitu. Kasi ya sampuli ndiyo iliyonizuia. Kwa block~ unaweza kuifanya pachi ndogo ikokotoe kwa nusu ya kasi, 22,050, na kazi yake inapungua nusu. Nilianza na viboko. Sauti zao ni nzito, ziko chini, hapakuwa na hasara. Nyenje nao walivumilia, kwa kuwa nguvu ya mlio wao iko chini ya kile ambacho kasi hiyo inaweza kubeba. Nikayapeleka huko na mawimbi.

Mlinzi wa pale, mtu asiyejua wala kuuliza habari za sampuli, alipita, akasimama, akasema, "Mzee, bahari yako leo ina mafua." Wimbi linapovunjika sauti yake huenea kutoka chini kabisa hadi juu kabisa ya usikivu, na kule juu ndiko povu linakosikika likichana mchanga. Nilikuwa nimelikata povu. Niliyarudisha mawimbi kwenye kasi ya 44,100 siku ile ile, na viboko wakabaki kwenye nusu.

Nafasi iliyobaki sikuiacha tupu. Nilimpa mpigaji ilimba maikrofoni ya pili, ili akija banda lisikilize kimo cha mapigo yake na zeze limjibu papo hapo, jambo ambalo toleo la kwanza lisingeweza kulibeba hata asubuhi yenye ubaridi. Zeze nalo likapata mwangwi mrefu wenye matawi mengi, wa gharama kubwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya pachi, na huo sikuugusa.